Siku Walipompigia Mama Makofi

Juzi walikuja tena. Msichana na mwenzake, wamevaa fulana zenye jina la chama mgongoni, wakasimama langoni kwangu kwa adabu zote. "Jambo Mama," msichana akasema. "Shiye tunatoka kwa chama ya historia ya mutaa. Tunatafuta vitu ya zamani. Hamuna kitu ya zamani humu ndani?"

Sikuwajibu vizuri. Niliwaambia humu hamna kitu cha zamani, humu wanaishi watu, na nikalifunga lango kwa kishindo hata jirani akachungulia. Watoto wa watu, hawakunikosea lolote. Lakini nilipoingia jikoni nilikaa kwenye kigoda bila kuwasha moto. Mume wangu aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, na ndiyo maana nimekasirika.

Ninyi wa rika langu mliokulia kule juu, kwenye zile nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli, chama hicho mnakikumbuka. Kila Jumapili baada ya misa ya pili wazee wa historia walikuwa wanautembea mtaa wetu kana kwamba wamepoteza kitu. Walipima kuta kwa kamba. Walibishana nyumba gani ilijengwa ya kwanza, na bomba la kwanza la maji lilisimama wapi, wakabishana mpaka wawili kati yao wakaacha kusalimiana kwa ajili ya bomba ambalo halikuwahi kutoa maji tangu mimi nizaliwe. Walikuwa wanaume watupu, wengi wastaafu wa reli na walimu, wenye tai hata jua likiwaka vipi. Parokia iliwaazima depo, ghala moja la zamani, na humo walipanga mali yao juu ya meza ndefu. Sharti lao la kuingia lilikuwa moja, na walijivunia sana: anayetaka kupokelewa alete kitu cha zamani kutoka kwake. Hawakutaka kitu kingine chochote. Kitu kikishapokelewa, ni cha chama.

Sisi watoto tulikuwa na elimu yetu wenyewe kuhusu wazee wale. Tuliwaona wakienda kwa mtu aliyezeeka sana, wakikaa naye alasiri nzima, wakimwekea mashine ya kaseti mbele ya mdomo, na baada ya muda si mrefu tunasikia kilio kutoka nyumba ile ile. Hakuna aliyetueleza kwamba waliwawahi wazee kwa sababu ni wazee. Sisi tuliona mpango: wanakuja, wanaandika, mtu anakufa. Kisha kofia yake inaonekana kule depo, na kando yake karatasi: kofia ya marehemu fulani. Taa ya marehemu fulani. Fimbo ya marehemu fulani. Mimi nilikuwa nimeshajua kusoma, kwa hiyo nilikuwa na ushahidi, na wenzangu waliniamini kama walivyomwamini padri. Kila kitu mle ndani kilikuwa cha marehemu. Tukiwaona wanapanda njia na tai zao, tulikimbilia nyuma ya nyumba tukaziba midomo kwa mikono, wasije wakatuchukulia hata neno moja.

Sasa fikirini kwamba baba yangu mzazi alitamani kuingia katika chama hicho kuliko alivyotamani kitu chochote kingine. Papa alikuwa fundi wa redio. Alikuja kwa treni kutoka Nyunzu akiwa kijana, na mfuko mmoja mkononi, na ingawa alikuwa ameoa na kuzaa na kuzika mtaani petu, wazee bado walimwita "ule wa Nyunzu". Mashine yao ya kaseti ikigoma, walimwita aitengeneze. Akishamaliza, walimshukuru na kumsindikiza hadi mlangoni, ndipo kikao kikaanza. Nilimwona siku moja amesimama nje ya dirisha la depo, anasikiliza mambo ya lile bomba, anatikisa kichwa kukubali kama aliyekuwepo lilipochimbiwa. Ila kitu cha zamani hakuwa nacho. Mtu aliyekuja na mfuko mmoja atakitoa wapi?

Hapa lazima niseme habari za mitungi. Mimi ni mmoja wa mapasa, mapacha kama wengine wanavyosema. Jina langu la kuzaliwa ni Kabange, na aliyenitangulia kutoka tumboni, kaka yangu Kyungu, alikufa kabla hajajua kukaa. Simkumbuki hata kidogo. Lakini kwetu pasa akifa haachwi akaenda zake. Tulipozaliwa, mama mmoja mfinyanzi alitutengenezea mitungi miwili midogo, ya kushikika kwa mkono mmoja, ikafukiwa nusu ardhini kando ya mlango, mmoja wake na mmoja wangu. Kila mwezi mpya ulipoandama Mama aliiosha, akaipaka pemba, ule udongo mweupe, akatia ndani maji na munkoyo kidogo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kisha akatusalimu kwa majina. Wote wawili, mimi nikiwa nimesimama pale pale najikuna mbu, na yeye hayupo. Upi wangu na upi wake, sikujua. Ilikuwa kazi ya Mama kujua, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ya jambo lenyewe Mama alikuwa ameshuka ufukoni kuuza ndakala, wale dagaa wetu. Papa alichukua kisu cha jikoni, akapiga magoti kando ya mlango, akaanza kuchimba polepole, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, kama alivyokuwa akifanya akigusa waya mwembamba wa redio.

"Papa, unapeleka wapi?"

"Kwa wazee ya historia," akasema. "Nachukua ya kwako, ya mwenzako naacha. Usiogope. Kabange, jina yako itajulikana na wantu wote."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa na furaha ya kweli, maskini, na mpaka leo furaha ile ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya angalau ungemwogopa. Akaufuta mtungi kwa shati lake, akaukumbatia, akaondoka nao. Mimi nilibaki nimelishika shimo kwa macho. Mtungi wangu unakwenda kwenye meza ya marehemu. Nilijigusa shingo nisikie kama nina homa.

Mama alirudi jua linapoinama, beseni kichwani, anaimba. Alipofika mlangoni akaacha kuimba. Alilishusha beseni bila msaada, taratibu, na Papa akatoka ndani akiwa tayari amevaa tai ya kuazima.

"Mama Mapasa, ngojea nikuelezee. Wamenipokea. Niko muntu wa chama sasa."

"Mutungi iko wapi?"

"Waliomba kitu ya zamani, na shiye hatuna…"

"Ya zamani?" Mama akasema. "Ile mutungi iko na myaka sawa ya huyu mutoto. Mwenye aliifinyanga, leo asubuhi nilimusalimia ku soko. Njo zamani hiyo? Watoto wangu njo vitu ya zamani? Kumbe kuzaa kwangu kulikwisha kuwa historia, na miye sikuambiwa!"

"Sikugusa ya Kyungu," Papa akasema haraka. "Nilichukua ya huyu, yenye iko muzima. Nilifikiri."

"Ulifikiri."

Akautazama mtungi uliobaki, akamtazama Papa, kisha akafunga mdomo wake kabisa. Mama yangu si mtu wa kukosa neno. Mimi nikausoma ukimya ule kwa elimu yangu: kama ungekuwa wa Kyungu angepiga kelele, basi ni kweli ni wangu, na Mama ameshajua kwamba nitakufa, anatafuta namna ya kuniambia. Usiku sikula. Waliniwekea bukari na sombe, ugali na kisamvu, nikavisogeza, na Mama, ambaye siku nyingine angenitwanga kwa maneno, aliondoa sahani bila kusema kitu, jambo lililonithibitishia kila kitu.

Na mwezi ulikuwa unakwisha. Ulibaki uzi tu wa alfajiri. Kwetu mwezi mpya hauwezi kuandama ukakuta pasa mmoja amenyweshwa na mwenzake hapana. Huko ni kumbagua mtoto, na mtoto aliyebaguliwa hasamehi. Ilikuwa lazima mtungi urudi mahali pake kabla ya Jumapili jioni. Mama alimwambia hivyo Papa, na Papa akasema atazungumza na wazee, na hakuzungumza nao, kwa sababu ungeazima vipi mdomo wa kudai ulichotoa jana? Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwetu kilikuwa nguoni kweli, kimefungwa shingoni na fundo kubwa.

Jumamosi Mama alivaa kitenge chake cha sikukuu, akanishika mkono, tukaenda depo. Sikutaka kuingia. Alinivuta. Prezida wa chama alikuwepo na mwenzake mmoja wakipanga viti kwa ajili ya kesho, maana kesho yake ilikuwa siku ya wageni. Prezida alikuwa direktere wa shule mstaafu, mwenye sauti ya mtu anayekusahihisha hata akikusalimu. Mtungi ulikuwa katikati ya meza, mahali pa heshima, umeoshwa pemba yote, na ubavuni wameuandika nambari kwa rangi nyekundu, ile rangi ya mafuta ya kupaka milango. Mbele yake karatasi.

"Soma," Mama akaniambia.

Nikasoma, nikitafuta neno marehemu. "Mtungi wa mapasa. Kabla ya kuja kwa wazungu. Mila iliyotoweka."

"Kutoweka njo nini?" Mama akauliza.

"Njo kusema ilikwisha, Mama," Prezida akasema kwa upole. "Haiko tena."

"Haiko tena? Na miye niko nini?"

Prezida akatabasamu. Sijasahau tabasamu lile, na nikifa nitakwenda nalo. "Mama, hiki kitu shiye tunakuchungia. Kule kwenu, na kuku, na watoto, ingevunjika. Hapa wajukuu zenu watakuja kuiangalia."

"Wajukuu waangalie! Mwenyewe atakunywa maji wapi mwezi ikitoka?"

Na Prezida, nawaapia, alimgeukia mwenzake akasema, "Andika hiyo. Iko muzuri sana." Na yule mwenzake akaandika. Mama amesimama mbele yao, kitenge cha sikukuu, macho yamejaa, na wao wanamwandika. Kisha Prezida akaeleza utaratibu wao: kilichoingia hakitoki, na kikitoka, aliyekileta anatoka nacho. Yaani Papa. "Alitoa kwa mapenzi yake, Mama. Tumuheshimu."

Nimesoma shule, nimefundisha, nimekaa katika komite za kila aina, na bado sijapata jina la kosa lile. Si wizi, mtungi ulitolewa. Si dharau ya wazi. Walimpa kiti, walimwita Mama. Walipenda sana mambo yetu, wazee wale, walipenda hadi machozi, kwa sharti moja tu, kwamba yawe yamekufa. Kilicho hai kiliwasumbua. Kilikuwa na mama yake, kilikuwa na kelele, kilitaka maji. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema, na ningeongeza kwamba asiyeujua huuita utafiti.

Njiani kurudi Mama hakuniongoza nyumbani. Tulipita kwa jirani wa juu, tukapita kwa muuza mihogo, tukapita kwa mke wa katekista. Kila nyumba aliingia peke yake akatoka haraka. Mimi nilihesabu nyumba hizo kuwa ni za kuaga. Zilikuwa za mama wa mapasa, kila mmoja wao.

Kesho yake depo ilijaa. Padri alikuwepo, mkubwa mmoja wa komini, serikali yetu ya mtaa, alikuwepo na walinzi wake, na Papa alikaa safu ya pili, mgongo wima, ameinyoosha tai kwa vidole mpaka inang'aa. Prezida alikuwa anahutubia juu ya mila zilizotoweka. Alikuwa amefika kwenye mapasa. Alikuwa anasema kwamba zamani, mama waliozaa mapasa walikuwa na nyimbo zao, nyimbo kali, ambazo leo hakuna anayezijua, hasara kubwa kwa sayansi.

Mlango ukafunguka.

Waliingia wamejipaka pemba usoni, vitenge vimefungwa juu ya magoti, Mama mbele. Asiyejua nyimbo za mapasa nimweleze kwa kifupi: ni matusi. Aliyezaa wawili kwa mara moja ameona yote ya mwili, hana tena cha kuficha, na amepewa ruhusa ya kumwambia mtu yeyote neno lolote, awe chifu, awe mkwe wake. Aliyetukanwa hana haki ya kukasirika. Na hapo ndipo penye ukali wenyewe: watukanwao huwa ni wale tu waliokosea mapasa. Ni mashtaka yaliyovaa ngoma.

Mama akamnyooshea kidole Prezida, akaanza, na wenzake wakapokea:

"Eee baba mwenye tai murefu, tai murefu,
ile ingine mufupi, mufupi!
Unachunga mutungi ya wenyewe,
ya kwako iko tupu, iko tupu!"

Hiyo ndiyo ninayoweza kuiandika. Zilizofuata zilieleza kwa undani Prezida alitengenezwa vipi, na kwa sehemu gani za wazazi wake, na zile sehemu zilikuwa na kasoro zipi. Padri aliviinamia viatu vyake. Mke wa katekista, mwanamke ambaye kanisani hata amina alikuwa akiisema kwa kunong'ona, alikata kiuno mbele ya mkubwa wa komini na kumwimbia habari za walinzi wake na kwa nini anawahitaji. Nilisahau kwamba nakufa. Nilisimama juu ya kiti nione vizuri.

Halafu wakapiga makofi.

Wote. Mkubwa wa komini alianza, akasema "Bravo!", na depo nzima ikafuata. Alidhani chama kimemwandalia ngoma. Wazee walidhani ni parokia imeleta kikundi. Prezida, aliyetukanwa mpaka mifupani mbele ya mji mzima, alicheka akifuta machozi kwa leso, akaisogeza mashine ya kaseti karibu na mdomo wa mama yangu ili sauti isipotee. Akaonyesha kwa mkono: endelea, endelea, Mama. Alikuwa na furaha kama mtoto. Dakika moja tu kabla alikuwa amesema nyimbo hizi hazipo.

Nilimwona Mama anapepesa macho. Ngoma ikalegea kidogo. Kuna hasira inayokuja mtu akikujibu matusi, hiyo unaijua, unaimaliza. Lakini mtu akikupigia makofi utamfanya nini?

Mama alifanya hivi. Akaichukua sauti tena, juu zaidi, akacheza kwenda mezani, akapeperusha karatasi kando, akaubeba mtungi kwa mikono miwili, akageuka nao. Wakampisha njia. Walirudisha viti nyuma ili apite vizuri! Makofi yalizidi, walinzi wa komini wakawa wanapiga kwa kufuata mdundo, na mwanachama mmoja mwema aliiokota ile karatasi akamkimbilia Mama mlangoni ampe, akidhani ameidondosha. Mama aliichukua akaichomeka kwenye beseni la muuza mihogo. Tukatoka. Nyuma yetu walikuwa bado wanashangilia.

Papa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anajua kinachotendeka, na nilipogeuka nilimwona amesimama kati ya wazee waliokaa, mikono imening'inia. Kisha akaivua tai, akaiweka kwenye kiti, akatufuata kwa mbali.

Jioni Mama alikaa kando ya mlango akausugua mtungi kwa mchanga, kisha kwa majivu, kisha kwa kucha. Nambari haikutoka. Rangi ya mafuta imeingia kwenye udongo. Akaacha, akaipaka pemba juu yake, nzito nzito, na nyekundu ikaendelea kuonekana chini. Aliusimamisha mtungi kwenye shimo lake, akarudishia udongo, akaushindilia kwa ngumi. Upande wa Nyunzu, juu ya vilima, mwezi mpya ulikuwa umetokeza, mwembamba. Papa alikuja na birika la maji, akasimama nyuma yetu.

Sikuweza kuvumilia tena. "Mama, sasa sitakufa?"

"Nani alikuambia utakufa?"

Nikamweleza yote: kofia, taa, fimbo, karatasi za marehemu, na mtungi wangu katikati ya meza. Alinisikiliza mpaka mwisho, pemba imemkauka mikononi.

"Na nani alikuambia hii ni ya kwako?"

"Papa."

Hakumtazama Papa. Aliuwekea mkono mtungi ule wenye nambari, kama anavyomwekea mtu mkono kichwani.

"Hii njo ya Kyungu," akasema. "Weye uko na kitanda. Uko na sahani, uko na shule, uko na domo ya kuniuliza maulizo. Yeye iko na hii tu."

Mama akanyoosha mkono bila kugeuka, na Papa akampa maji.